Maswali yenu: nyama za puani na seli za kinga zinazozilisha

Barua kuhusu nyama za puani zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nimeondolewa, mbona zimeota tena? Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, miji tumeibakiza.

Nimefanyiwa upasuaji mara mbili, mwaka 2019 na 2023, na nyama zimerudi pande zote mbili. Majibu ya maabara yaliandikwa "eosinofili nyingi". Shuleni tulifundishwa kuwa seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. Sasa askari hawa wananilinda au wananiumiza?
*Msomaji, Tanga*

Wanakuumiza, lakini si peke yao, na wala si wao walioanza. Tukueleze kwa kirefu, kwa sababu jibu la swali lako ndilo linaloeleza pia kwa nini nyama zinarudi.

Nyama ya puani si kitu kigeni kilichopandikizwa. Ni utando uleule wa pua, hasa ule wa sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) ndogondogo zilizo kati ya macho, uliocharuka kwa miezi na miaka mpaka ukajaa maji na kuning'inia. Daktari akichungulia kwa kamera huona kitu kama zabibu iliyomenywa: cha kijivu, kinang'aa, na kikiguswa kwa kifaa kinachezacheza bila mgonjwa kuhisi maumivu, maana ndani yake mishipa ya fahamu ni michache mno.

Maabara, kipande hicho hukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Chini ya hadubini utaona safu ya seli za utando juu, tabaka lililonenepa kupita kawaida chini yake, kisha eneo pana lililolegea na kujaa majimaji. Humo ndimo zilimotapakaa seli zenye kiini cha pande mbili, tumbo lake limejaa punje za rangi ya waridi iliyokolea. Hizo ndizo eosinofili. Paul Ehrlich wa Ujerumani alizieleza mwaka 1879 na kuzipa jina hilo kwa kuwa huinywa rangi ya eosini. Kigezo kinachotumika sana cha kusema ni "nyingi" ni seli 10 au zaidi katika eneo moja la kutazama, kwa ukuzaji wa mara 400.

Sasa mwanzo wa fujo. Seli za utando zikichokozwa na bakteria, ukungu, moshi au virusi, hutoa kemikali za kupiga mbiu, zinazojulikana kwa vifupisho TSLP, IL-33 na IL-25. Mbiu hiyo huzifikia seli mbili: limfositi (aina ya seli nyeupe za kinga) ziitwazo ILC2, ambazo tayari zinaishi ndani ya utando, na seli T saidizi za aina ya pili. Hizi nazo hutuma matarishi watatu. IL-5 huenda hadi kwenye uboho wa mifupa kuagiza eosinofili zaidi, na zikifika puani huzizuia zisife kwa wakati wake. IL-13 huongeza seli za kutengeneza kamasi na kuulegeza ukuta wa utando. IL-4 huziamuru seli B zitengeneze kingamwili za aina ya IgE.

Eosinofili zikifika, humwaga punje zake. Punje hizo zimeumbwa kuua minyoo, lakini hapo hakuna mnyoo, kwa hiyo kinachoungua ni utando wako mwenyewe. Nyingine hupasuka na kufa, zikaacha fuwele zenye ncha mbili kama sindano ya dira, ziitwazo fuwele za Charcot-Leyden, na fuwele hizo nazo huuchokoza utando upya. Ukuta uliojeruhiwa unapiga mbiu tena, na mzunguko unaanza mwanzo.

Yupo mhusika mwingine ambaye wagonjwa hawamsikii kabisa: makrofeji, seli kubwa za kumeza uchafu. Katika nyama za puani, makrofeji za aina ya M2 hutoa kwa wingi kemikali ya kugandisha damu, faktari XIII. Maji ya damu yanayovuja kwenye utando hukutana nayo, na protini ya fibrini iliyomo hujifunga kama nyavu. Kwa kawaida mwili una kimeng'enya cha kuzivunja nyavu hizo, lakini ndani ya nyama hizi kimepungua. Maji yanabaki yamenaswa. Ndiyo maana nyama ikitobolewa inatoa majimaji na kunywea kidogo, lakini haitoki.

Na kuna mgeni anayechochea: bakteria *Staphylococcus aureus*. Anapatikana katika pua za wenye nyama mara nyingi kuliko kwa watu wengine, na baadhi yake hutoa sumu inayoziamsha seli T nyingi kwa mkupuo, bila kuchagua. Matokeo yake IgE hutengenezwa palepale puani. Hii inaeleza jambo linalowachanganya wengi: kipimo cha aleji cha ngozi hakionyeshi kitu, ilhali ndani ya nyama IgE imejaa.

Ungedhani basi tukiziondoa eosinofili kazi imekwisha. Lilijaribiwa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 16 waliomeza dawa iitwayo deksipramipeksoli kwa miezi 6. Eosinofili zilipungua kwa takriban asilimia 94 katika damu na 97 ndani ya nyama yenyewe. Nyama hazikusinyaa. Kwetu sisi hilo ndilo somo kubwa la ugonjwa huu: eosinofili ni kibarua anayeonekana kwa urahisi kwa sababu amevaa rangi kali. Amri inatoka kwingine, na nyavu za fibrini zinabaki hata kibarua akiondoka.

Upasuaji hukata zabibu na kufungua milango ya sainasi. Hauzimi mbiu. Huko Ghent, Ubelgiji, wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 12 baada ya upasuaji, karibu 8 kati ya 10 walikuwa wameota nyama tena, ingawa waliohitaji kisu kwa mara nyingine walikuwa zaidi kidogo ya theluthi. Wewe hukukosewa na daktari wako. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mgonjwa kuacha dawa ya steroidi ya kupuliza puani wiki ya tatu baada ya upasuaji kwa kuwa anapumua vizuri. Faida kubwa ya upasuaji ni kuipa dawa njia ya kufika mahali ambapo zamani haikufika. Anza kusafisha kwa maji ya chumvi na kupuliza dawa kama tunavyoeleza hapo chini, na uhesabu kuwa ni kazi ya miaka, kama mwenye pumu na dawa yake.

Nina nyama za puani na pumu iliyonianza nikiwa na miaka 34. Mwezi uliopita nilimeza diklofenaki ya mgongo. Haikupita saa moja pua ikaziba kabisa, uso ukawaka, kifua kikabana, nikakimbizwa hospitali. Nimeambiwa ni aleji. Mbona zamani nilikuwa naimeza bila shida?
*Dada, Mombasa*

Pole sana, dada yetu, na hili ulichukulie kwa uzito wake. Nyama za puani, pumu ya ukubwani na kudhuriwa na dawa za jamii ya aspirini ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Ulielezwa Ufaransa mwaka 1922, kisha Max Samter na mwenzake wakauandika upya Marekani mwaka 1968. Kuanza ukubwani, baada ya miaka ya kuvumilia dawa hizo, ndiyo tabia yake.

Si aleji ya IgE, kwa hiyo kipimo cha ngozi hakiwezi kuionyesha. Puani na kifuani mwako seli masti (seli za kinga zilizojaa kemikali za kuvimbisha) na eosinofili ziko tayari kufyatuka, na kinachozishika ni breki moja, prostaglandini E2. Diklofenaki huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza. Breki ikiachia, seli hizo humwaga lukotrini, kemikali zinazobana mirija ya hewa na kuvimbisha utando, kwa kawaida ndani ya dakika 30 hadi saa 3.

Usimeze tena, wala usichomwe sindano ya aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, indometasini au ketoprofeni. Soma maandishi ya vidonge vya mchanganyiko vya mafua na kichwa, kwa sababu baadhi vina aspirini ndani yake, na muuza duka hatakuambia. Parasetamoli ya miligramu 500 kwa mara moja wengi huivumilia. Ukifika miligramu 1,000 baadhi huanza kubanwa. Mwambie daktari aandike kwa wino mwekundu kwenye kadi yako ya kliniki. Siku utakayovunjika mguu na kufikishwa hospitali ukiwa huwezi kusema, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kipimo cha damu kimeonyesha eosinofili 900. Kliniki moja ilisema ni minyoo, nyingine ikasema ni nyama za puani na kuniandikia prednisoloni. Nani mkweli?
*Msomaji, Morogoro*

Huenda wote. Kawaida ni chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu. Mwili hutumia mkono uleule wa kinga, IL-5 na wenzake, kupigana na minyoo na, kwa makosa, kuotesha nyama puani. Namba ya damu haikuambii seli hizo zinaelekea wapi. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 ilihesabu 250 kuwa dalili ya ugonjwa wa aina hii, na mwaka 2023 ikashushwa hadi 150. Kwa nchi zenye safura na kichocho, vigezo hivyo havitoshi kumhukumu mtu. Kipande cha nyama chini ya hadubini ni shahidi bora. (Minyoo yenyewe haioteshi nyama puani, tusieleweke vibaya.)

Lakini kabla hujameza kidonge cha kwanza cha prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kutuliza kinga, shughulikia minyoo aina ya strongiloidi. Huishi mwilini miaka mingi kimyakimya, na kinachoizuia isienee ni hizohizo eosinofili. Prednisoloni ikiziangusha, mabuu yanaweza kusambaa hadi mapafuni na kuua. Choo cha mara moja mara nyingi hakiioneshi. Peleka sampuli 3 za siku tofauti, au daktari aamue kukutibu bila kusubiri. Albendazoli ya miligramu 400 dozi moja, ile tunayopewa sote, haitoshi kwa mnyoo huyu. Dawa yake ni ivamektini, maikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Kama umewahi kuishi misitu ya Kongo, sema kwanza: huko kuna mnyoo wa jicho, Loa loa, na ivamektini kwa mwenye mnyoo huyo mwingi damuni ni hatari.

Mweleze pia daktari kama una kisukari, shinikizo la damu au uliwahi kuugua kifua kikuu. Kozi ya prednisoloni kwa nyama za puani ni fupi, wiki moja hadi mbili, na isizidi mara moja au mbili kwa mwaka. Hurejesha harufu ndani ya siku chache, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu ananunua nyingine dukani mwezi unaofuata, na mwingine tena. Jambo la mwisho: damu na kipande cha nyama vichukuliwe kabla ya vidonge hivyo. Eosinofili huporomoka ndani ya saa chache, na jibu litasema hazikuwapo.

Mtoto wangu wa miaka 5 anakoroma, analala mdomo wazi. Nimeambiwa ana nyama za pua. Naye atakuwa na hizo eosinofili?
*Mama, Kigoma*

Karibu hakika hapana. Kwa watoto, kinachoitwa nyama za pua ni tezi iliyo nyuma kabisa ya pua, adenoidi, kituo cha limfositi ambacho kila mtoto anacho. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha hunywea. Ikiwa anasitisha pumzi usingizini au masikio yanajaa maji mara kwa mara, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kushauri iondolewe, na kwa kawaida haina tabia ya kurudi kama nyama za watu wazima. Nyama halisi kwa mtoto ni nadra, na zikionekana apimwe ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi kwa kipimo cha jasho. Katika ugonjwa huo seli zinazojaa mara nyingi ni nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu. Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye uvimbe puani asikatwe chochote kabla ya picha, maana unaweza kuwa ubongo ulioshuka kupitia tundu la fuvu.

Daktari wangu anataka kunianzishia sindano ya dupilumabu. Inafanya nini hasa? Na nikiianza naweza kuacha ya kupuliza?
*Msomaji, Columbus, Marekani*

Inaziba mlango ambao IL-4 na IL-13 wote huutumia kuingia kwenye seli. Rejea jibu la Tanga: inawazuia matarishi wawili kati ya watatu kufikisha ujumbe, kwa hiyo IgE, kamasi na uvimbe hupungua pamoja. Marekani iliruhusiwa kwa nyama za puani Juni 2019, miligramu 300 chini ya ngozi kila wiki 2. Baadaye zilifuata omalizumabu, inayonasa IgE, mwaka 2020, na mepolizumabu, inayonasa IL-5, mwaka 2021.

Ya kupuliza usiache. Katika majaribio yaliyoleta ruhusa hiyo wagonjwa wote waliendelea na mometasoni, steroidi ya kupuliza. Usishtuke pia eosinofili za damu zikipanda miezi ya mwanzo: uboho bado unazitengeneza, ila njia ya kutoka kwenye damu kuingia puani imefungwa. Lakini zikipanda na ukapata ganzi miguuni, vipele au kifua kubana, piga simu siku hiyohiyo.

Mambo mawili kwa anayetembelea nyumbani. Pimwa minyoo kabla ya sindano ya kwanza. Na chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, isiyoshauriwa ukiwa kwenye dawa hii. Kama unapanga safari, ichomwe kabla ya kuanza, kwa makubaliano na daktari.

Nimetumia dawa ya kupuliza wiki 2, hakuna nafuu, na upande wa kulia unatoka damu. Matone ya efedrini yananifungua vizuri zaidi. Niendelee nayo?
*Msomaji, Arusha*

Matone acha. Yanabana mishipa ya damu ya utando, na nyama za puani zina mishipa michache, kwa hiyo hazisinyai. Unachofunguliwa ni utando wa jirani. Ukizidisha wiki moja, pua inazoea na kuziba zaidi kila yanapoisha nguvu. Vidonge vya aleji kama setirizini navyo havipunguzi nyama, kwa kuwa histamini si mhusika mkuu hapa.

Damu ya upande wa kulia inatuambia unashika chupa kwa mkono wa kulia na kuipuliza kwenye ukuta wa kati. Badilisha: mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, wa kulia kwa tundu la kushoto. Inamisha kichwa mbele kidogo kama unayesoma kitabu, elekeza ncha kwenye kona ya nje ya jicho la upande uleule, bonyeza huku ukivuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu utaionja kooni, na dawa iliyofika kooni haikubaki puani. Chupa mpya ibonyeze hewani mpaka itoe ukungu laini. Kwa mometasoni ya maikrogramu 50, dozi ya nyama kwa mtu mzima ni mipulizo 2 kila tundu, asubuhi na jioni. Paka mafuta ya vaselini kwenye ukuta wa kati usiku, pumzisha upande unaotoka damu siku 2 au 3. Wiki 2 ni mapema mno. Tathmini baada ya wiki 8 hadi 12.

Kabla ya kupuliza, osha, la sivyo dawa inatua juu ya kamasi. Chemsha lita moja ya maji mpaka yatokote dakika moja nzima (ukiwa juu sana mlimani, dakika 3), yapoe hadi vuguvugu. Tia chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu. Yakiwasha, ongeza nusu kijiko cha bekin soda, usitie magadi. Tumia chupa laini ya kubinya, takriban mililita 125 kila tundu, umeinama juu ya sinki, mdomo wazi. Subiri dakika 10, kisha puliza dawa. Maji yaliyobaki baada ya siku moja mwaga, chupa ioshe na kuikausha. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingie sainasi kamwe. Na wanaotuuliza kama kupandisha maji puani wakati wa kutawadha kunatosha: maji hayo ni machache, hayafiki zinakoota nyama.

Kama unameza dawa za VVU zenye ritonaviri, mwambie daktari kabla ya kuanza flutikasoni, budesonidi au mometasoni. Ritonaviri huzuia ini lisizivunje, zikarundikana mwilini kama umemeza steroidi za vidonge, uso ukavimba na sukari ikapanda. Beklometasoni huwa chaguo salama zaidi.

Baba yangu ana miaka 61, tundu la kushoto tu limeziba miezi 4, na kamasi ina damu. Mganga ametupa unga wa kuchoma nyama.
*Msomaji, Bukoba*

Unga huo msiuweke. Mwasho wa seli za kinga tuliouelezea hapo juu huleta nyama pande zote mbili. Upande mmoja, kwa umri huo, na damu, ni hadithi nyingine: unaweza kuwa uvimbe wa papiloma au saratani, na unga wa kuunguza utaharibu kipande ambacho maabara ingekisoma. Mpelekeni wiki hii kwa daktari wa masikio, pua na koo, achunguliwe kwa kamera, apigwe picha ya CT, kisha akatwe kipande kidogo kiingie kwenye formalini (maji ya kuhifadhia kipande) ya asilimia 10. Na kama jicho la kushoto limeanza kutokeza, au anaona vitu viwiliviwili, msingoje wiki, nendeni leo.